Mafunjo Si Pori la Bure

Ndugu Mkulima,

Alikuja ofisini mzee mmoja wa kando ya mto Kuja. Mahindi yake yalikuwa yamezama, akauliza kama atapata mbegu nyingine. Nikaandika jina lake kitabuni. Kisha nikamwuliza, "Mzee, mafunjo yaliyokuwa chini ya shamba lako yako wapi?" Akanyamaza. Alikuwa ameyafyeka yote ili alime mpaka ukingoni.

Simcheki. Udongo wa kinamasi ni mweusi, na mavuno ya kwanza hujaza ghala. Lakini nasema wazi: afyekaye mafunjo hupata mavuno mawili, kisha huliweka shamba zima hatarini.

Tazama wenzetu wa pwani. Mizizi ya mikoko hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, na nchi ikainuka kidogo kidogo. Bahari ikipanda polepole na tope likitosha, mikoko hupanda nayo. Tope likizuiwa na mabwawa huko juu mtoni, bahari hushinda. Likizidi pia ni balaa: mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mpaka Mwache, karibu na Mombasa, ukaifunika mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa.

Ziwa Victoria halina mikoko. Lina mafunjo, ndiyo togo kwa Kijaluo. Kazi yake ni kama ile: hushika tope na kuvunja nguvu ya mawimbi. Hayawezi kulizuia ziwa lisipande. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 na tena 2024 lilijaa mno, na watu wa ufuoni Homa Bay na Migori wakahama. Lakini ufuo ulio mtupu huliwa upesi zaidi.

Utasema, "Tope latoka Kisii, mimi nifanye nini?" Kweli, Kuja huanzia huko. Lakini kila shamba njiani huongeza lake. Basi wewe wa mlimani, lima kwa kukingama mteremko, na upande majani ya Napier juu ya makinga-maji. Wewe wa bondeni, acha ukanda wa mafunjo ukingoni. Kata ya mikeka kwa zamu, usichome wala kung'oa vishina, yatachipua tena.

Nasi wa ofisini tuna kosa letu. Twaandika hasara kitabuni, hatuulizi imeanzia wapi. Mbegu zikitolewa kila mwaka kwa shamba lile lile lililozama, huo si msaada wa kudumu.

Mzee yule sasa ameacha hatua 20 bila kulima. Amepoteza mistari kadhaa ya mahindi, naye alinung'unika sana. Hata hivyo mafunjo yameanza kuchipua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia mto ni ghali kuliko mistari hiyo ya mahindi.

Ni mimi,
Karani wa Kilimo