Madereva wa Lodwar hawalilii mashimo

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema ya kale hayanuki. Nyingine huuliza, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Atakaye kuuona mvutano huo ukiwa hai na aketi Lodwar au Kakuma pamoja na madereva wa malori walioanza kazi kabla ya simu za mkononi. Watamweleza, karibu kwa kauli moja, kwamba udereva wa lori ulikuwa wa zamani. Wa leo ni kushika usukani tu.

Kwa mtazamo wa haraka, madai hayo hayana mashiko. Lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Mwaka 1990 serikali ya Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere. Wafadhili wakafunga virago, na lami ikaachwa imomonyoke. Balaa ni kwamba barabara ilianza kufa wakati ilipohitajika zaidi. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanzisha operesheni ya kuwafikishia chakula watu wa kusini mwa Sudan, kituo chake kikiwa Lokichoggio. Na mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa. Magunia ya nafaka ya maelfu ya watu yakawa yanapita juu ya mashimo. Ahueni ilikuja baada ya mwaka 2015, Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 500 kwa ajili ya njia kuu ya kutoka Eldoret hadi mpaka wa Sudan Kusini.

Mashimo hayakuwa shida pekee. Magurudumu yalizama mchangani. Laga, yaani mito ya msimu, zilifurika ghafla na kuwafungia madereva njia kwa siku kadhaa. Kati ya Kainuk na Lokichar majambazi walivizia, hata malori yakalazimika kwenda kwa msafara wenye askari wa kusindikiza. Wako waliouawa wakiwa kazini. Je, ni nani mwenye akili timamu atakayetamani siku hizo zirudi?

Jibu nililipata, si katika yale wanayoyasimulia, bali katika sarufi wanayoyasimulia kwayo. Mwalimu wa lugha hana budi kutega sikio kwenye viambishi. Wazee hawa wanapozungumzia zamani, kitenzi hutanguliwa na nafsi ya kwanza wingi: tulikwama, tulichimba mchanga, tulipika ugali chini ya trela, tulivuka. Wanapofika leo, wingi hutoweka na kauli hubadilika: naambiwa, napigiwa simu, nahesabiwa saa. Mtu aliyekuwa mmoja wa watendaji amekuwa mtendwa aliye peke yake. Basi wanacholilia si mashimo. Wanakililia kile kiambishi tu-.

Nyuma ya kiambishi hicho palikuwa na sheria isiyoandikwa. Dereva hakumpita mwenzake aliyeharibikiwa bila kusimama. Jeki, spana na maji vilikuwa mali ya barabara nzima. Utingo, ambaye wao humwita taniboi, alijifunza kazi kwa kukaa miaka kando ya bwana wake, akifunzwa gia na breki, na kufunzwa pia lugha ya kumsalimu mzee wa Kiturkana kwa «ejok» kabla ya kuuliza habari za njia. Dereva alikuwa pia posta na benki. Mfanyakazi wa Kitale aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Lodwar alimkabidhi dereva bahasha, naye dereva aliifikisha kwa sababu jina lake lilikuwa ndiyo dhamana pekee aliyokuwa nayo.

Mambo yaliyovunja mpango huo si maovu, na hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, bahasha iliaga dunia, na hakuna mama yeyote wa Lodwar anayeomba irudi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Kakuma utaratibu wa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya posho ya mkimbizi ilitumwa kwa simu akanunue chakula apendacho kwa mfanyabiashara. Mkimbizi akapata hiari ya kuchagua. Mfumo wa kusafirisha magunia ukaanza kubadilika. Mitambo ya setilaiti nayo humwonyesha mwenye lori aliyeko Nairobi au Mombasa mahali gari lilipo. Kusimama nusu saa kumsaidia mwenzako sasa kunaonekana kwenye kioo kama uzembe wa nusu saa. Halafu mwaka 2025, misaada ya kimataifa ilipokatwa, posho ya chakula Kakuma ilishuka hadi asilimia 28 hivi ya kiwango cha chini kinachohitajika. Aliyeumia kwanza ni mkimbizi. Lakini gunia lisilonunuliwa ni safari isiyokuwepo, na dereva naye akaonja.

Hata hivyo, tusiwapake wazee asali. Ile «sisi» yao ilikuwa na mipaka. Taniboi aliyelala juu ya shehena akianguka, aghalabu familia yake haikulipwa chochote. Na watoto wa Kiturkana waliosimama kando ya njia wakiinua mitungi mitupu na kuomba maji, «ngakipi», hawakuhesabiwa katika wingi huo isipokuwa pale dereva mwenye huruma alipokanyaga breki. Anayesema zamani kulikuwa na utu aulizwe pia: utu wa nani kwa nani?

Lakini kuuliza hivyo si kuwapuuza. Kumbukumbu ya mzee aghalabu ni dai juu ya leo lililovikwa vazi la jana. Dai la madereva hawa ni bayana. Mwenye lori anaweza kuihesabu saa ya kumsaidia mwenzake kuwa saa ya kazi, wala si ya wizi. Serikali ya kaunti inaweza kuwaita watu wanaozijua laga zote kwa majina kabla ya kuamua pa kujenga kivuko au kituo cha kupumzikia. Hayo hayahitaji kurudisha shimo hata moja.

Sisi walimu na wanafunzi tuna wajibu wetu. Karne ya kumi na tisa wapagazi wa misafara waliibeba lugha hii kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na maneno mengi waliyoambiana njiani hayakuandikwa na yeyote. Madereva waliifanya kazi hiyohiyo Turkana, wakaikutanisha na Kiswahili cha Wakongo na cha majirani wengine pale Kakuma. Wangali hai. Mwanafunzi wa Lodwar mwenye daftari anaweza kuyaandika maneno yao wiki hii.

Mla jana kala nini? Alikula ugali chini ya trela, lakini hakula peke yake.