Pikipiki ya marehemu: kuitengeneza ao kuiacha?



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya watoto wanaoogopa hesabu. Mtuvumilie. Hesabu itakuwapo hata leo, lakini ni hesabu ya pikipiki. Kwa majuma matatu kikundi chetu cha akiba hakikuongea jambo lingine, na wamama wa vikundi viwili vya hapa Uvira wametuuliza tulifikaje kwenye uamuzi, maana nao wana mashini za zamani zinazolala uani: wamoja wana mashini ya kusaga, wengine moto. (Tunasema moto kama tunavyosema sote hapa. Ndugu zetu wa Kigoma wakisikia kwamba mtu amenunua moto, wanacheka.)

Mambo yalianza hivi. Mwenzetu mmoja, mjane, alisimama katika mkutano akasema anatuuzia Yamaha AG 100 ya marehemu mume wake kwa dola 150. Marehemu alikuwa akifundisha wakulima katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Kiliba na Sange, na mradi wake ulipofunga ulimwachia pikipiki hiyo. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba za watu, maji na matope yaliifunika mpaka kwenye kiti. Tangu siku ile haikuwaka tena. Mwenyewe akafariki miaka miwili baadaye. Mama huyu ameifunika kwa hema, na kila Jumamosi anaifunua, anaipanguza, anaifunika tena. Sasa mtoto wake mkubwa yuko darasa la sita la sekondari, na pesa za egzetat zinatafutwa.

Mnaona namna jambo lilivyokuwa gumu. Kukataa pikipiki kulikuwa kama kumkataa mtoto.

Tena sisi wenyewe tulikuwa na hamu nayo. Mwaka jana mmoja wetu alijifungulia njiani usiku, kwa kukosa wa kumpeleka maternite. Wamama wanaouza mchele nao walisema mara moja: AG ina kibebeo nyuma na kingine mbele, itabeba magunia. Kwa dakika kumi tulikuwa tumekwisha kuwa matajiri. Mweka-hazina wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliuliza tu: "Nani kati yetu anajua kuendesha?" Kimya.

Tukakubaliana kwanza kutafuta ukweli, kabla ya kufungua kufuli hata moja kati ya zile tatu za sanduku.

Tulianza na karatasi, na hapa tunawaomba msome polepole. Karte rozi ilikuwa kwa jina la mradi. Kwa bahati mama alikuwa ametunza barua ya makabidhiano yenye muhuri. Ililowa lakini inasomeka. Bila barua ile tungeliacha mambo palepale, kwa sababu pikipiki isiyo na mwenye kujulikana italala siku moja kwenye uwanja wa polisi. Likabaki jambo la shemeji. Mdogo wa marehemu alikuja akisema mali ya kaka yake ni yake. Sheria yetu ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka wa 2016, haisemi hivyo. Watoto ndio warithi wa daraja la kwanza, nao wanapata robo tatu ya urithi. Mjane yuko daraja la pili pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Hatukumtupia sheria usoni. Tulimwalika kwa shefu wa kartie, tukakaa naye, tukamwonyesha kwamba pesa zinaenda kwa masomo ya mtoto wa kaka yake. Akatia sahihi. Alinung'unika, lakini alitia.

Kisha fundi. Kwetu fundi huitwa kutengeneza. Kumwita kupima tu na kumlipa kwa kupima, wengi waliona ni kutupa pesa. Tulimpa dola 10. Kati ya pesa zote tulizotumia katika jambo hili, hizo hatuzijutii hata kidogo.

Alitukataza jambo moja tangu mwanzo: mtu yeyote asipige kiki. Vijana wa uani walikuwa wakiijaribu kila walipopita. Mashini iliyokaa na maji hupata kutu ndani ya silenda, na zile pete za chuma zinazozunguka pistoni hushikamana na ukuta wake. Ukilazimisha, pete zinavunjika na kukwaruza silenda, na kilichokuwa cha kusafisha kinakuwa cha kununua. Yeye alitoa buji, akamimina mazuti kidogo katika tundu lake, akasema atarudi siku ya tatu. Aliporudi, alisukuma kiki kwa mkono, taratibu, nayo ikateremka. Wamama walipiga vigelegele! Akaweka kidole gumba juu ya tundu la buji na kusukuma tena ili asikie kama hewa inamrudisha. Ilimrudisha kidogo sana.

Mambo mengine yalikuwa mazuri kuliko tulivyodhani. Mnyororo wa AG umefungiwa ndani ya kasha lake, kwa hiyo haukuliwa sana na kutu. Magurudumu yalikuwa sawa, na chuma cha mwili hakikupinda. Tanki lilikuwa na kutu ndani, lakini hilo husafishwa kwa mawe madogo na kutikiswa sana.

Ubaya ulikuwa chini ya mashini. Tumfasirie hapa mwenye kufundisha watoto fizikia afurahi. Mashini ya mapigo manne, kama zile za Kihindi wanazoendesha motari wetu, ina oili yake chini, inayoogesha vyuma wakati wote. AG ni ya mapigo mawili: oili inachanganyika na petroli na kupita pamoja nayo katika tumbo la mashini, na ndiyo hiyo tu inayolainisha rulema zinazoshika mti unaozunguka. Maji ya Mulongwe yaliingia katika tumbo lile na kukaa humo kwa miaka. Fundi alipofungua alituonyesha: rulema zilikuwa nyekundu kama udongo wa mlimani, na mkono unaobeba pistoni ukicheza juu na chini. Alisema pikipiki ingeliweza kuwaka siku hiyohiyo akisafisha karibureta na kuweka buji mpya, na angeliweza kutudanganya hivyo. Ingetembea juma moja, labda majuma mawili. Tulimshukuru kwa neno lile kuliko kwa kazi yenyewe.

Basi hesabu, kama fundi alivyotuandikia. Rulema na mkono wa pistoni, dola 70. Pistoni kubwa kidogo na kuchonga silenda kwa tuneri, 45. Karibureta, 25. Mipira ya magurudumu, 50. Freni na nyaya, 20. Tanki, 10. Kazi yake, 60. Jumla 280. Ongeza 150 za mama, tunafika 430. Sisi tuliongeza robo ya pesa za matengenezo, yaani 70, kwa yale yasiyoonekana mpaka mashini ifungwe tena. Dola 500, mbali na gharama ya kubadilisha jina kwenye karte rozi. Kwa 550 tulionyeshwa okazioni ya mapigo manne, inayotembea, yenye karatasi.

Sandukuni mlikuwa na 612. Pesa hizo ni za wanachama 25, za kugawana mwisho wa Agosti, kabla watoto hawajarudi masomoni.

Waliotaka itengenezwe walikuwa na sababu zao, tusiwadharau. Walisema motari angelipa versema kila siku na pesa zingerudi. Lakini tulijiuliza nani angemfuata motari yule ahakikishe anaweka oili ya kweli, si ile ya rangi tu inayouzwa na kadafi kando ya barabara. Mashini ya mapigo mawili ikikosa oili haikungojei mpaka jioni.

Tulipiga kura: 16 walikataa, 9 walikubali. Wale 9 baadhi yao bado hawatusalimii vizuri. Okazioni nayo hatukuinunua. Kwa habari ya maternite, tumepatana na motari anayeishi nyuma ya soko: akiitwa usiku anakuja, na mfuko wa kijamii unamlipa asubuhi. Amekwisha kuitwa mara mbili.

Mama mjane hakusema neno siku ya kura. Kesho yake tulimtembelea watatu. Fundi alikubali kununua magurudumu, kasha la mnyororo, taa, tanki na vyuma vya mbele kwa dola 110, kwa ajili ya AG nyingine anayoitengeneza. Dola 40 zilizopungua tulimkopesha kutoka mfuko wa kijamii bila faida, na mtoto ameandikishwa.

Siku fundi alipokuja kuchukua vyuma, mama alimwomba amwachie kibebeo cha mbele. Fundi alikipigilia ukutani jikoni kwake. Sufuria zinakaa juu yake, kubwa nyuma, ndogo mbele.