Kaske ya Kambale

Barazani, na Mzee Kasereka wa Vulamba

Jumamosi iliyopita, baada ya mvua ya adhuhuri kukatika na matope ya mji wetu kuanza kung'ara kana kwamba yamepakwa samli, aliteremka katika gari litokalo Beni binti wa marehemu kaka yangu, akirejea kutoka Liège, Ubelgiji, kwa njia ya Entebbe na Kasindi, naye amembeba kifuani mwanawe wa miezi saba, ambaye jina lake, kwa sisi Wanande tunaowahesabu watoto hata kabla hatujawatazama sura, ni Kambale, yaani wa kiume wa pili. Na juu ya kichwa cha Kambale imekaa kaske.

Haikuwa kofia ya sufu, ambayo baridi ya Butembo ingeihalalisha. Ilikuwa kaske ya plastiki ngumu, nyeupe, yenye sifongo ndani na mkanda ubavuni, iliyotengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake yeye na si cha kiumbe mwingine yeyote. Na kabla sijaongeza neno, nataka ieleweke kwamba katika kadhia hii niko upande wa mtoto, na wa mama yake, na wa kaske yenyewe, dhidi ya mji mzima.

Wa kwanza kuniudhi alikuwa motari. (Wasomaji wangu wanaodai kwamba nimewataja motari mara nyingi kuliko nilivyomtaja Mwenyezi Mungu wanistahimilie mara moja tena.) Alisimamisha pikipiki yake, akamkazia macho Kambale, kisha akaniuliza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: "Papa, ule mutoto njo anatuendesha leo?" Kituo kizima kikaangua kicheko. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha pwani, kile nilichorudi nacho kutoka Kariakoo pamoja na marobota ya vitenge, nacho, kama mjuavyo, hakijapata kumtisha mtu katika mji huu. Wakacheka mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Ndipo nilipovihesabu vichwa vya hao waliokuwa wakicheka, nikapata kumi na vinne, na juu ya vyote hivyo nisione kaske hata moja, katika mji ambao pikipiki moja humchukua baba, na mama, na mtoto, na mbuzi wa mahari, ikashuka nao mteremko wenye utelezi kama kwamba fuvu la binadamu ni kitu cha kununuliwa tena sokoni Jumatatu.

Mambo yenyewe mama yake alinieleza njiani, tena kwa maneno machache. Huko Ulaya, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, madaktari wamesisitiza kwamba mtoto mchanga alazwe chali, kwa kuwa wale waliolazwa kifudifudi walionekana kufa ghafla usingizini zaidi ya wenzao. Ushauri huo uliokoa roho nyingi, wala hakuna mwenye akili atakayeubeza. Walakini fuvu la mtoto ni laini na mifupa yake haijaungana, na kichwa kilalacho upande mmoja usiku na mchana, kama cha Kambale aliyependa kulitazama dirisha, hubonyea mfano wa papai lililosahauliwa chini ya gunia. Kaske haikibani kichwa hicho. Hugusa palipotokeza na kuacha nafasi palipobonyea, ili ubongo unaokua, ambao haungojei idhini ya mtu, ulisukume fuvu kwenda panapotakiwa. Huvaliwa saa 23 kwa siku, kwa miezi kadhaa, na saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kukausha jasho. Basi.

Lakini uani kwangu maneno hayo hayakupata mahali pa kukaa. Dada yangu, ambaye ni shangazi wa binti huyu, alihukumu kuwa ni kichwa cha maji. Jirani akanong'ona kwamba mtoto aliangushwa na mama yake anaficha. Mwanamke mmoja aletaye makaa, ambaye kamba ya mzigo imemchimbia mfereji kipajini kwa miaka thelathini ya kupanda na kushuka vilima, alilitua gunia lake chini, akauliza kwa huruma isiyo na unafiki kama mtoto haumii kwa kubebeshwa kitu kizito namna ile kichwani. Kaske yenyewe ina uzito kama wa chungwa moja kubwa. Nilitazama kipaji chake, nikatazama gunia, nikakosa jibu.

Akaja mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hawezi kupita penye jambo bila ya kulitundikia historia, akatangaza kwamba mila ya Wamangbetu imerejea nchini kwa ndege. Hapo, nakiri, nilimsogezea kiti. Kule Uele, pande za Isiro, akina mama walikuwa wakivifunga kwa kamba vichwa vya watoto wachanga ili virefuke kwenda nyuma, na urefu huo ukawa hadhi na urembo. Msafara wa magari ya Citroën ulipopita huko mwaka 1925 ulimpiga picha mwanamke aitwaye Nobosodru, na sura yake ya ubavuni ikazunguka dunia. Na serikali ya Wabelgiji, baada ya kustaajabu hata ikatosheka, ikaipiga mila hiyo marufuku. "Na leo," akasema mwalimu huku akinyanyua kikombe, "Mbelgiji mwenyewe ndiye anayefunga." Ni mzaha mzuri, nami ningalimwongezea chai kwa ajili yake, lau asingaliutumia kumwambia mtoto wa watu kwamba mwanawe ametiwa chapa ya kikoloni. Mmangbetu alikifunga kichwa cha duara ili kiwe kirefu. Huyu amevishwa kwa sababu cha kwake kilikuwa bapa. Mwalimu aliyesomesha jiometri miaka ishirini na saba angeona tofauti.

Kisha wakubwa wa kike wakaafikiana kwamba dawa ni kitenge: mtoto wa mgongoni hakilalii kichwa chake. Lililonikera zaidi ni kwamba hapa walikuwa na nusu ya haki. Lakini binti yetu husafisha maofisi ya watu huko Liège tangu alfajiri, na mtoto hushinda kwa mlezi. Mgongo wake umekodishwa. Tena alinambia kwa unyofu kwamba daktari hakumficha kitu: Waholanzi walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watoto 84, wenye kaske na wasio nayo, na walipotimiza miaka miwili haikuonekana tofauti ya maana baina yao.

"Basi mbona ukamvisha?" nikamwuliza, na kabla sijafunga kinywa nikajuta.

"Baba mdogo," akasema, "nisingemvisha, mngeniuliza mbona sikumvisha."

Jumapili alasiri akafika mtumishi wa Mungu wa kanisa moja la chumba kimoja, ambaye hakualikwa na mtu ila na uvumi. Akasema kwamba kitu kile ni kifungo, akaifungua kaske kwa mikono yake pasipo kutaka ruhusa, akaiweka sakafuni, akaomba kwa muda wa saa moja na robo. Kwa hivyo ile saa moja ya siku iliyokuwa ya maji ya uvuguvugu na sabuni tulimpa mchungaji, na hiyo robo tukamkopesha. Kambale alikuwa amekwisha lala tangu utangulizi.

Ningetaka kucheka tu, lakini siwezi. Miji yetu hii miwili, Beni na Butembo, ilipimwa vipaji vya nyuso kwa vile vipimajoto vya mfano wa bastola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, katika mlipuko wa Ebola ulioua watu zaidi ya 2,200. Na mwezi Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto kwa kupishana siku tatu, na uvumi ndio uliotangulia kiberiti. Kila nimsikiapo mtu mzima akisema "Wazungu wamemvisha kitu", pua yangu hunusa moshi ule. Mama wa watu amekuja kumwonyesha bibi mjukuu wake. Naye kwa siku mbili amejibu maswali mengi kuliko mfanyabiashara mwenye makontena mawili mpakani.

Mtumishi alipomaliza aliipokea bahasha, akaita pikipiki, akapanda wa tatu nyuma ya waumini wawili, kichwa wazi, huku Biblia ameitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga mara mbili isije ikapata dhara, wakateremka Vulamba kwa mwendo ambao hata motari wa kituoni wangalitubu.

Nilikuwa nimekwisha fika hapa na kalamu nimeifunika, mama watoto aliposoma juu ya bega langu, akaniuliza kaske yangu mwenyewe iko wapi, ile niliyoinunua Kampala kwa kelele nyingi na kuandika juu yake safu mbili mfululizo. Wasomaji wa zamani wanamjua yule kuku wake mwekundu. Tangu Pasaka ameifanya kaske ile kuwa kiota, na juma hili anaatamia humo mayai tisa. Kesho asubuhi natakiwa Musienene, kwa pikipiki, na nimeamrishwa nisimsogelee: zimesalia siku sita.