Nasaha za Mwalimu: Mtoto Huachwa Mara Mbili

Mwaka mwengine umepita, na kama ilivyo ada yetu, kabla hamjafika kwenye kurasa za arusi, za waliozaliwa na za waliotangulia mbele ya haki, nakuombeni dakika chache. Mwaka huu nataka tuzungumze juu ya watoto tunaowaacha nyumbani, na hasa jambo moja ambalo wazazi wengi hawalitazamii, nalo ni kwamba mtoto wa msafiri huachwa mara mbili. Mara ya kwanza mzazi anapoondoka, na mara ya pili anapoletwa kwa mzazi akaachishwa bibi aliyemlea.

Kuacha watoto si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970, mafuta yalipozineemesha nchi za Ghuba, akina baba wengi wa pwani yetu walikwenda huko kutafuta riziki. Mimi ni mmoja wa watoto waliobaki. Tulikaa Mombasa kwa bibi, na baba akawa ni sauti ndani ya kanda ya kaseti iliyoletwa na msafiri. Jioni hiyo jamaa wote hukusanyika, kanda ikasikilizwa, kisha tukarikodi majibu yetu mmoja mmoja. Zamu yangu ikifika, nilikuwa nikisoma sura niliyohifadhi chuoni, kwani sikuwa na neno jengine la kumwambia mtu nisiyemjua.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kwanza, akina mama nao ndio wanaosafiri. Wako wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani kwa mikataba ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili, na viza yao haina nafasi ya mtoto. Wako waliokuja hapa Uingereza kuhudumia wazee, na wale walioomba viza ya kazi hiyo kutoka ng'ambo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa kuja na waume wala watoto wao. Basi mama anamlisha uji mzee wa watu, na uji wa wanawe unapikwa na mamake.

Pili, kanda imekwisha na imekuja simu ya picha. Mzazi huuona uso wa mwanawe kila siku akadhani yuko naye. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto akikataa kwenda skuli, aliyeko mlangoni ni bibi. Mzazi anayemgombeza bibi kwa simu, na mtoto anasikia, anamvunjia heshima mlezi wa pekee aliyebaki.

Nasi hufarijika tukiambiwa, "Ametulia sasa, amezoea." Tusifanye haraka kufurahi. Katika miaka ya 1950, hapa hapa Uingereza, James Robertson na daktari John Bowlby waliwachunguza watoto wadogo waliolazwa hospitali bila ya wazazi wao. Waliona kwamba mtoto kwanza hulia na kumdai mamake, kisha hukata tamaa, na mwisho hutulia. Utulivu huo watu waliuita kuzoea, kumbe ni moyo uliojifunga, hata mama akirudi hapokewi.

Sasa nije kwenye kuachwa kwa pili. Miaka michache nyuma alinijia mama mmoja wa hapa, ambaye mwanawe wa miaka 11 ameletwa kutoka Mombasa baada ya kutengana kwa miaka saba. Chumba kilipambwa, koti na viatu vilinunuliwa. Mtoto alipofika alimwita mamake "anti". Usiku alilala na leso ya bibi yake chini ya mto, wala hakukubali ifuliwe.

"Mwalimu," aliniambia yule mama, "nimefanya kazi usiku na mchana kwa ajili yake, naye anamlilia mtu mwengine."

Nikamwambia, "Mwanangu, huyo si mtu mwengine. Alikulea wewe, kisha akakulelea. Mtoto anayemlilia mlezi wake ni mtoto aliyelelewa vizuri, na moyo uliopenda kule ndio utakaopenda hapa. Lau angekuja hamlilii mtu, hapo ungekuwa na haki ya kuogopa."

Leso ikaachwa mahali pake. Kila jioni baada ya chakula bibi alipigiwa simu, na mama akikaa pembeni akisikiliza. Ilipita karibu mwaka mzima kabla mtoto hajamwita mama, na siku hiyo leso ilikuwa bado iko kitandani.

Jirani zetu wenye asili ya Jamaika wanaijua habari hii. Wengi wa wazee wao waliokuja Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 waliacha watoto kwa mabibi, wakawaita baadaye, na wako miongoni mwa watoto hao, leo ni watu wazima, wanaosimulia jinsi walivyomlilia bibi nao wamekaa mbele ya mama.

Basi nasaha zangu ni hizi. Ukisafiri, muage mtoto akiwa macho, usitoroke usiku amelala, maana ataogopa usingizi. Usimwahidi Idi ambayo tarehe yake iko mikononi mwa tajiri wako. Usimtumie bibi pesa peke yake, mtumie na heshima, mtoto aione. Na siku ya kumchukua mtoto, bibi mwenyewe ndiye amwambie, "Nenda, mjukuu wangu, kwa radhi yangu," apate kuondoka bila ya kujiona amemsaliti.

Tena tusimsahau huyo bibi. Nyumba iliyokuwa na kelele za mtoto imenyamaza, naye hana wa kumtuma dukani. Simu iliyokuwa ikipigwa kwa ajili ya mtoto isikatike mtoto akishafika. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wengi wetu kazi hiyo tulifanyiwa.

Tukijaaliwa uhai, tutaonana mwakani. Wassalaam.