Ukimkaribisha mgeni, mpe na kiti

Jamani, leo nina dukuduku, na linahusu roketi.

Wale mnaotumia Django mmeshajua ni roketi gani. Kwa wengine, ngoja nieleze kwa kifupi. Fremuweki ya wavuti ni kiunzi kinachokupa vitu ambavyo karibu kila tovuti inavihitaji, kama kuongea na hifadhidata, kupokea fomu na kuingia kwa nywila, ili usianze kuchonga kila kitu mwenyewe. Ukishaiweka kwenye kompyuta yako na kuiwasha, unafungua kivinjari, unaandika 127.0.0.1:8000, na hapo unakuta ukurasa ambao hukuuandika wewe. Waliotengeneza fremuweki wameuacha pale ukusubiri. Wa Django una picha ya roketi tangu toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2017. Unakwambia kazi ya kuweka imefaulu, hongera.

Ni ukurasa mzuri. Mimi mwenyewe niliupenda nilipouona mara ya kwanza. Lakini sasa una kesi ya kujibu.

Naishi Ruiru. Jumamosi napanda matatu hadi Thika kufundisha kikundi kidogo cha watu wanaotaka kujua programu zinaandikwaje. Hatuna jina wala ofisi, ni chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye chumba anakihitaji ikifika saa saba. Ndiyo, najua kwamba barabara hiyo hiyo ina vyuo tele: Zetech iko Ruiru, JKUAT iko Juja, Mount Kenya University iko Thika kwenyewe. Lakini wanaokuja kwangu si wanafunzi wa vyuo. Ni watu wenye kazi zao na laptopu za mitumba.

Mmoja wao ni dada anayehudumia kibanda cha M-Pesa. Alikuja na shida yake tayari: chama chao cha akina mama kinaandika michango kwenye daftari, daftari lililowa maji msimu mmoja wa mvua, na tangu hapo hakuna anayekubaliana na mwenzake nani alilipa nini. Alitaka programu ya kutunza michango. Ningeomba kila mwanafunzi aje na shida kama hiyo. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, mimi sikuwa nayo.

Siku ya kwanza ilikwisha kwa kuweka Python na Django tu. Bando lake lilikwisha katikati, tukatumia langu. Saa sita na nusu roketi ikatokea, akapiga makofi, akaipiga picha kwa simu. Nikamwambia, "Vizuri sana dada, endelea kujaribu jaribu nyumbani, tutaonana Jumamosi." Jumamosi iliyofuata nikabanwa na kazi, sikwenda. Na ile nyingine pia sikwenda.

Tulipoonana tena nikamuuliza amefika wapi. Akasema: "Mwalimu, ile roketi niliifungua kila jioni. Nikaiangalia, nikaifunga. Nilidhani kuna kitu mimi sikioni."

Wiki mbili! Mtu mzima, mwenye akili zake, anayehesabu pesa za watu kutwa nzima bila kukosea, alikaa mbele ya ukurasa ule akiamini kwamba upungufu ni wake.

Kosa la kwanza ni langu, nilimwacha mlangoni. Nimelikubali. Lakini usiku ule nilirudi Ruiru, nikawasha Django na kujaribu kuusoma ule ukurasa kama asomavyo yeye. Unasema imefaulu. Unasema unauona ukurasa huu kwa sababu DEBUG=True iko kwenye faili ya mipangilio na hujapanga anwani zozote. (Jaribu kumweleza mtu sentensi hiyo siku yake ya kwanza.) Chini kabisa kuna viungo vitatu: nyaraka, somo la kutengeneza programu ya kura, na jumuiya ya watumiaji. Vyote vitatu vinatoka nje kwenda kwenye mtandao. Bila bando jioni hiyo, hakuna kiungo hata kimoja kitakachofunguka. Kompyuta yake ilikuwa na kila kitu alichohitaji ili aanze, ila ukurasa haukumwonyesha hata kitu kimoja kilichomo ndani ya kompyuta hiyo.

Kwetu mgeni akibisha hodi hatumwambii "karibu" tukabaki tumesimama naye kizingitini. Tunasema karibu kiti. Roketi inakupongeza kwa kufika, kisha inakuelekeza nyumba ya jirani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haikuwa hivi zamani. Ukurasa wa Django uliokuwepo kabla ya 2017 ulikuwa mkavu, hauna picha, una maandishi tu. Ulikupongeza, ukakutania kidogo kwamba kusema kweli bado hujafanya kazi yoyote, halafu ukakupa amri ya kuandika: python manage.py startapp. Basi. Mgeni alikuwa na kitu cha kuandika kwa vidole vyake. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wa programu amekuja akilitaka jembe siku ile ile ya kwanza, na wakati huo alipewa.

Ruby on Rails wamepita njia hiyo hiyo. Ukurasa wao wa zamani ulikuwa na hatua tatu zenye namba: tengeneza modeli na vidhibiti vyako, panga ukurasa wako wa mwanzo, andaa hifadhidata. Toleo la 5.0 la mwaka 2016 likaleta mchoro mkubwa wa rangi, na hatua zile zikaondoka. Toleo la 7.0, Desemba 2021, likabakiza nembo na namba za matoleo. Laravel nao, ukurasa wa toleo la 5 ulichota hata fonti yake kutoka Google, kwa hiyo bila mtandao hata sura yake hukuiona kama ilivyokusudiwa.

Nisiwe mwongo, zile hatua za Rails nazo zilikuwa na balaa lake. Hadi toleo la 3.2 ukurasa ule ulikuwa faili iitwayo index.html ndani ya folda ya public, na usipoifuta, ukurasa wako mwenyewe hautokei kamwe. Mgeni anaandika msimbo sahihi kabisa na bado anaangalia ukurasa wa kukaribishwa. Toleo la 4.0 la mwaka 2013 ndilo lililoondoa mtego huo.

Najua watakachosema wenzangu wa kazi. Ukurasa wa mwanzo ni wa kuhakikisha tu kwamba seva imewaka, mtaalamu anautazama sekunde tano na hauoni tena. Maelekezo marefu yanachakaa, na kila toleo jipya lazima mtu ayapitie na kuyatafsiri. Hoja ya pili naikubali, nimetunza programu za watu na najua maandishi yanavyooza. Lakini ile ya kwanza inajipinga yenyewe. Mtaalamu hauhitaji ukurasa huo, kwa sababu ile dirisha nyeusi ya amri imeshamwambia seva imewaka. Anayebaki kuuhitaji ni mgeni peke yake. Sasa kwa nini tunamwandikia mtaalamu?

Na hebu tazama kichekesho hiki. Ukishaandika anwani yako ya kwanza kwenye urls.py, tuseme michango/, kisha ukarudi 127.0.0.1:8000 kama ulivyozoea, roketi imetoweka! Badala yake unapata ukurasa wa kosa la 404. Mgeni anashtuka, anadhani ameharibu. Lakini ukiusoma ule ukurasa wa kosa, unakuorodheshea anwani zote ambazo Django imejaribu, moja baada ya nyingine, na unakutajia ni faili gani ya kwenda kuangalia. Yaani ukurasa wa kosa ni mwenyeji bora kuliko ukurasa wa karibu!

Yule dada anafanya kazi na mfano mzuri zaidi kila siku. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini ya simu. Hukuhitaji intaneti. Ukiifungua, haikukupongeza kwa kuifungua. Ilikuonyesha unachoweza kufanya: tuma pesa, toa pesa. Bibi kijijini alijifunza kwa kuifuata menyu, mstari kwa mstari, na pale alipokwama palikuwa na wakala.

Basi nikaandika ukurasa wangu. Si jambo kubwa. Django inakuruhusu kuanzisha mradi kutoka kwenye kiolezo chako mwenyewe, kwa startproject na --template, kwa hiyo nilitengeneza kiolezo chenye ukurasa mmoja tayari ndani yake, kwa Kiswahili, usiotegemea mtandao kwa lolote.

Toleo langu la kwanza lilikuwa baya. Niliweka hatua kumi na moja. Mzee mmoja wa kikundi akateremsha ukurasa hadi chini, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, hii yote nisome leo?" Nikafuta kumi. Pia niliandika "hifadhi faili", wakatafuta kitufe kinachoitwa Hifadhi na hawakukiona, kwa sababu kihariri chao ni cha Kiingereza. Sasa imeandikwa Ctrl+S. "Sakinisha" nililitoa kabisa, hakuna aliyelitumia ila mimi, nikaandika "weka" kama watu wote.

Uliobaki unasema hivi tu: imekubali. Ukurasa huu unaouona uko kwenye faili hii, na hapo programu inaandika njia kamili ya faili ilipo kwenye kompyuta yako wewe, si njia ya mfano. Ifungue. Tafuta neno "Mgeni", liondoe, andika jina lako, bonyeza Ctrl+S, rudi hapa, bonyeza F5. Chini yake kuna mstari mmoja mdogo: ukiharibu, futa folda na uanze upya, hakuna kitakachoungua. Mstari huo uliombwa na wanafunzi wenyewe.

Sisemi Django wachukue ukurasa wangu. Ninachotaka ni kwamba ule wao uonyeshe kitu kimoja kilichomo ndani ya kompyuta ya mgeni, jina la faili moja ya kufungua, na roketi ibaki kama wanaipenda. Kiswahili kimo tayari kwenye orodha ya lugha za Django, na maneno ya ukurasa wa roketi yamewekwa alama ya kutafsirika. Kwa hiyo sehemu hiyo haitungoji wao, inatungoja sisi, na mimi pia najinyooshea kidole.

Yule dada aliondoa "Mgeni" akaandika jina la chama chao. Jumamosi iliyopita alikuja na swali ameliandika nyuma ya risiti: mwanachama akichelewa kulipa miezi miwili, kisha akalipa yote kwa mkupuo, faini iandikwe kwenye mchango au iwe na jedwali lake? Nilikuna kichwa. Nikamwambia anipe hadi wiki ijayo.