Ilani ya Wavukao Reli Nairobi

Sisi ni abiria, makanga, wauza nyanya, wanafunzi na wazazi wa mitaa inayokatwa na reli ya Nairobi. Tumechoka kuvuka kwa kubahatisha.

Reli ilifika hapa mwaka 1899, kabla mji haujawa mji. Nairobi ikakua pande zake mbili, nyumba huku, shule na kazi kule. Anayevuka hana njia nyingine. Lakini kila ajali ikitokea tunaambiwa marehemu alizembea, na maswali yanaishia hapo. Hatulipokei tena jibu hilo.

Asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 2013, treni ya abiria iligonga basi huko Mutindwa, hapa hapa Nairobi. Watu zaidi ya 10 walikufa.

Tazameni hatari inavyojengeka. Foleni imesimama ng'ambo ya reli. Dereva wa matatu anasogea akidhani gari la mbele litaondoka, haliondoki. Nyuma amebanwa. Magurudumu yamekaa juu ya chuma, abiria wamejaa ndani, honi inalia. Treni haiwezi kukwepa, na hata breki zote zikifungwa, uzito wa mabehewa utaisukuma mamia ya mita. Huko Githurai, mama anayeuza bidhaa relini anavuta magunia yake kando akisikia honi, kisha anayarudisha behewa la mwisho likishapita. Msimwite mzembe. Mpeni mahali pa kuuzia.

Tunadai kila makutano ya reli na barabara yawe na geti, taa na kengele zinazofanya kazi, pamoja na mlinzi mwenye mshahara, asubuhi na jioni. Madaraja ya waenda kwa miguu yajengwe pale watu wanapovukia hasa. Mwenye reli na mwenye barabara waandikiane nani anawajibika kwa kila kivuko, na nambari yake ya simu ibandikwe hapo hapo, maana leo kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole.

Nasi tunajifunga. Makanga atashuka na kutazama pande zote mbili kabla ya kumwita dereva. Dereva hataingia relini mpaka aone nafasi ya gari lake ng'ambo. Abiria tutamkataza atakayekiuka, hata tukiwa tumechelewa kazini.

Tunaanzia Githurai. Tutahesabu wanaovuka, tuandike saa na mahali, tupeleke orodha kwa wenye reli na serikali ya kaunti. Kila mwezi tutarudi kuulizia majibu.