Ngoma ya Lulindi na Kinanda cha Umeme

Kila bendi ya vinanda vya umeme inapotoa wimbo wa mahaba wenye kutikisa viuno, ofisi zetu hushughulika na swali moja tu: je, wimbo huo una aibu au hauna? Sisi tunaona lipo swali linalotangulia: ngoma iliyomo ndani yake ni ya nani?

Tazameni wimbo wa namna hiyo unavyotengenezwa. Kwanza fundi huingiza pigo la ngoma katika mashine, akalikata na kulirudiarudia. Gitaa la besi huja juu yake, likikaza pigo la kwanza, kisha likanyamaza pale msikilizaji anapotazamia sauti. Kimya hicho ndicho kinachovuta kiuno. Mwimbaji huingia mwisho, tena kwa kunong'ona. Wamarekani huuita fanki, na James Brown aliupiga Kinshasa mwaka 1974. Lakini mpigaji wa sindimba wa Lulindi anaijua kazi hiyo bila umeme: ngoma ndogo hushika mwendo, kubwa huzungumza na kiuno, na baina yao huachwa nafasi ya mchezaji.

Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Na sindimba, yenye viuno vya kutosha, ikafanywa fahari ya majukwaa ya taifa hilo hilo. Tofauti iliyokuwapo tunawaachia wajuzi wa viuno.

Jambo zito ni haki. Sheria ya Hakimiliki Namba 7 ya 1999 ilizitambua sanaa za jadi na kulikabidhi Baraza la Sanaa la Taifa mamlaka ya kutoa kibali cha kuzitumia kibiashara. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao taarabu yao ya kisasa nayo hutegemea kinanda cha umeme, walipata sheria yao mwaka 2003. Lakini sheria haina masikio. Pigo lililonaswa kwa simu katika sherehe ya Lulindi laweza kufika studio ya mjini bila jina la kijiji wala la mpigaji, na mtoa kibali atalitambuaje?

Kwa hiyo tunawataka maafisa utamaduni wa Masasi na Newala watoke ofisini na vinasa sauti. Kwa ridhaa ya wazee, maana yapo ya jandoni yasiyotoka nje, waandike pigo, kijiji na wapigaji, na nakala zifike BASATA na COSOTA kabla ya bendi.